Kuta Nne za Somo la Bomu

Kwa miaka thelathini na mmoja nilifundisha fizikia katika shule ya kutwa nje kidogo ya Eldoret, upande wa kwenda mji mdogo wa Ziwa, na kila mwaka nilifundisha kipindi kimoja ambacho hakikuwa kwenye silabasi. Kilikuja muhula wa tatu, mwisho kabisa wa kidato cha nne, tulipofika mada ya mionzi. Wakati huo mahindi ya kwanza yameshavunwa na watahiniwa wameanza kukonda kwa hofu. Siku chache kabla ya kipindi hicho nilipakia magunia manne ya mahindi yaliyopukuchuliwa kabla ya kukauka kwenye pikapu yangu, nikayamwaga kwenye pembe ya maabara yakawa lundo, nikalifunika kwa turubai. Mengine ya shamba lilelile niliyatandaza juu ya meza, punje kando ya punje. Mwalimu mkuu alilalamikia harufu kila mwaka, nami kila mwaka nilimwambia kwamba elimu haijawahi kunukia.

Siku ya somo niliwaita mmoja mmoja waingize mkono katikati ya lundo, hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu, inachoma!"

"Sasa gusa yale ya mezani."

"Hayo ni baridi tu."

Basi nikawaeleza. Mahindi ni yaleyale. Kila punje yenye maji hutoa joto kidogo. Ukizitandaza, joto linapotea hewani. Ukizilundika, joto la punje ya katikati halina pa kutokea, linapasha jirani yake, na jirani anapasha mwenzake. Madini ya urani nayo yana tabia hiyo. Kiini cha atomi kikipasuka hurusha nyutroni mbili au tatu. Kipande kikiwa kidogo, nyutroni nyingi hutoroka bila kugonga kitu. Kikizidi kipimo fulani, zinapata viini vingine vya kupasua kabla hazijatoka, navyo vinarusha nyingine, na kabla hujafumba macho mji mzima umekwisha. Tofauti, niliwaambia, ni kwamba lundo la mahindi hukupa siku mbili tatu za kulitandaza.

Nilikuwa mwalimu mzuri. Nalisema bila haya kwa sababu ndiyo sehemu ya kesi yangu.

Baada ya sayansi nilileta historia. Niliwaambia jinsi wanakemia wawili wa Ujerumani walivyokuta kitu cha ajabu katika chombo chao muda mfupi kabla ya vita, na jinsi wanasayansi waliokimbia Ulaya walivyoogopa kwamba mtawala wa Ujerumani angepata bomu kwanza. Niliwaambia kwamba urani nyingi ya mabomu yale ya kwanza ilitoka Kongo, ikachimbwa na watu weusi kama sisi ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Niliwaambia habari za jangwa la Marekani ambako bomu lilijaribiwa, na miji miwili ya Japani. Niliwasimulia kuhusu wanasayansi waliotia sahihi barua ya kumsihi rais wa Marekani asiitumie silaha ile kwanza, na barua isimfikie. Na niliwaambia habari za yule mmoja ambaye, alipojua kwamba Wajerumani hawana bomu lolote, alifunga mizigo yake akaiacha kazi ya bomu. Huyo nilimpenda. Nilimsifu mpaka wanafunzi wakadhani ni mjomba wangu.

Kisha nilitaja kuta nne za maabara. Ukuta wa madirisha ni wa waliogundua. Ukuta wa ubao ni wa waliotengeneza. Ukuta wa mlango ni wa walioamuru. Ukuta wa nyuma ni wa walioangusha. Nendeni msimame kwa mwenye makosa. Darasa liligeuka soko, watu wakivutana mashati, na nilipenda kelele zile kuliko wimbo wowote.

Mwaka mmoja binti yangu alikuwa katika darasa hilo. Ni mtoto wetu wa pekee. Shuleni aliniita Mwalimu na nje ya lango aliniita Baba, na hakuwahi kukosea hata siku moja. Wenzake walipokimbilia kuta, yeye alibaki katikati.

"Mbona umesimama hapo kama mlingoti?"

"Mwalimu, na yule aliyewafundisha hao wote fizikia, ukuta wake ni upi?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mmoja akapiga meza, "Mwalimu, hapo amekumaliza!" Nami nilicheka. Nikamwambia kuta ni nne tu, na mwalimu ana ubao wake wa kufuta. Alibaki pale katikati mpaka kengele ikalia.

Lakini mwanafunzi aliyesikia somo hilo mara nyingi zaidi hakuwa katika shule yoyote. Alikuwa mke wangu. Yeye alifuga ng'ombe wa maziwa, na hapa nyumbani alikuwa fundi wa mursik, yale maziwa ya kulala yanayogandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Mimi nilizoea kulifanyia mazoezi somo langu jikoni, yeye akisugua vibuyu.

"Haya, watu wako wa bomu wamekuja kula tena," alikuwa akisema. "Waambie leo kuna sukumawiki tu."

Alitania, lakini alisikiliza. Nilimweleza kuhusu watu ambao hawakuwa na jeraha lolote, wakaonekana wazima, kisha baada ya siku kadhaa nywele zikaanza kutoka kwa mafungu mkononi, na damu kwenye fizi, na wakafa. Aliacha kusugua, kibuyu kikiwa mapajani. Siku moja kulikuwa na unga umemwagika mezani, nikamchorea kwa kidole ile alama ya mionzi, mabawa matatu kuzunguka duara. Nikamwambia kama nilivyowaambia wanafunzi: ukiona alama hii mlangoni, geuka urudi ulikotoka. Aliitazama vizuri, ndipo akafuta meza.

Binti yetu alikwenda ng'ambo kusoma fizikia, akasoma mpaka vyeti vyake vikawa na majina nisiyoweza kuyatamka, akachukua uraia wa kule. Nilijivuna Eldoret nzima. Hata muuza mbolea alijua.

Miaka minne iliyopita alikuja likizo ya wiki tatu. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege peke yangu, kwa sababu mama yake alibaki akiandaa. Kwetu, mtoto akirudi kutoka safari ya mbali hupokewa langoni kwa mursik. Baba hushika kibuyu, huonja kwanza, kisha humnywesha. Mama yake alikuwa amekitenga kibuyu chake kizuri kuliko vyote, chenye shanga shingoni.

Njiani nikamuuliza kazi yake hasa ni nini. Kwa simu alikuwa akisema tu "ni utafiti". 

"Baba, usikasirike. Ni maabara ya serikali. Ya silaha."

Nikapunguza mwendo.

"Mimi sitengenezi mpya," akasema. "Hizo za zamani zimezeeka. Plutoni, yale madini ya ndani, inabadilika na miaka, kama chuma chochote. Mimi napiga hesabu kwa kompyuta kuona kama bado iko sawa. Tukishindwa kujua kwa hesabu, kuna watu watasema warudi kuzilipua jangwani ndio wajue."

"Iko sawa maana yake nini? Sawa kwa kuua?"

Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya.

"Ndiyo, Baba. Hiyo ndiyo maana yake."

"Kuna mmoja aliyefunga mizigo."

"Namjua. Si ni wewe ulinifundisha? Lakini hukuwahi kutuuliza, wote wangefunga mizigo, kazi ingebaki kwa nani."

Mtu mwenye hasira akishindwa na hoja hutafuta adhabu. Tulipofika langoni mama yake alikuwa amesimama na kibuyu, amevaa ile leso yake ya kanisani, uso unang'aa. Alininyoshea kibuyu nikishike. Nilimpita. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikachukua reki, nikaanza kugeuza mahindi yaliyoanikwa, ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nikatoa sheria. Katika nyumba hii mambo ya mionzi na mabomu yasitajwe tena, si mezani, si kwa simu.

"Mwalimu, ni mtoto wako," mke wangu akasema.

"Nimesema."

Siku ya tatu binti yangu alipanga mizigo. Alinipa mkono kama anavyoagana mtu na chifu. Tangu siku hiyo alipiga simu kwa mama yake, na mimi nilikuwa napaza sauti kutoka kwenye kiti changu, "Mwambie nasalimia."

Mwaka jana, mwezi wa tano, ugali ulianza kumkwama mke wangu. Kwanza alicheka, akasema sasa amezeeka hata koo limechoka. Kisha ikawa mchele, kisha ndizi iliyopondwa, mpaka ikabaki mursik peke yake, anaimeza kidogo kidogo akifunga macho. Hospitalini, daktari wa kike, mdogo kuliko binti yetu, alituambia ni saratani ya njia ya chakula. Akasema imewahiwa, si mapema sana lakini imewahiwa. Atahitaji dawa pamoja na mashine ya mionzi, kila siku ya kazi, kwa wiki tano.

Neno hilo lilipotajwa mke wangu alinigeukia. Sikuutambua mtazamo ule siku ile. Nilidhani ni ugonjwa unaomwogopesha, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mambo, nikamshukuru daktari. Tulirudi nyumbani tukiongea juu ya mvua, na ng'ombe wawili waliokuwa karibu kuzaa. Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja tofauti ya kipimo kikubwa na kipimo kidogo, sikumweleza mke wangu hata sentensi moja. Nilikuwa nimeweka sheria, na nilijionea fahari kuitii. Mganga hajigangi, husema watu. Mimi hata sikujaribu.

Tulipanga akae kwa dada yake mjini, karibu na hospitali, ili asichoke na barabara. Mimi nilibaki kukamua. Jumatatu nilimshusha kwenye lango la dada yake, Ijumaa nikamchukua.

"Imekuwaje?"

"Ni sawa tu."

Alizidi kukonda. Nikajiambia ni matibabu yanafanya kazi. Nywele zake zilikuwa palepale, na kwa akili zangu za fizikia nikajipongeza: bila shaka, mionzi imeelekezwa kifuani, nywele zitatokaje?

Wiki ya sita niliingia naye hospitalini kumwona daktari. Mfanyakazi wa kitengo cha mionzi alichukua kadi ya mke wangu, akaigeuza. Ilikuwa na visanduku vya kutiwa sahihi, kimoja kwa kila siku. Vyote vilikuwa vitupu.

"Mzee, huyu mama hajaanza."

"Ameanza. Ametimiza wiki tano."

Akanitazama kwa huruma. Akatoka nyuma ya dirisha lake, akamwona mke wangu kwenye benchi, akashangaa. "Kumbe ni huyu? Huyu tunamjua. Tulidhani ameleta mgonjwa. Yeye ndiye huwashikia wengine mikoba wakiingia."

Nilipogeuka alikuwa ameshika mikoba miwili mapajani. Mmoja ulikuwa wake. Mwenye ule mwingine alikuwa ndani.

Tulipokuwa ndani ya gari sikuwasha injini. Akaniambia mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa imebaki nyembamba. Siku ya kwanza jina lake liliitwa. Alisimama, akafika kwenye mlango mzito, akaona ile alama ya mabawa matatu. Akageuka akarudi kwenye benchi. Walipompigia simu baadaye, hakushika. Kila asubuhi dada yake alimwona akitoka na mkoba wake, na kila asubuhi alikwenda kweli, akakaa pale mpaka saa sita.

"Niliona wakiingia na wakitoka wazima," akasema. "Nikasema, kesho na mimi nitaingia. Halafu nikifika pale mlangoni naona nywele za wale watu wako."

Nilianza kumweleza, pale pale, mikono ikiwa juu ya usukani. Kwamba bomu ni msitu unaowaka na mashine ile ni moto wa jiko, unauwasha na kuuzima, unauelekeza chini ya sufuria tu. Kwamba mionzi yake haibaki mwilini. Kwamba alama ile mlangoni ni ya kuwakinga wapita njia, siyo wagonjwa. Nilieleza vizuri sana. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia haya kutoka mwanzo?"

Daktari alisema ugonjwa umesonga, na mwili umepungua mno. Walimpa mionzi ya siku chache ya kumpunguzia maumivu, na safari hiyo niliingia naye mpaka kwenye ule mlango, nikamshikia mkoba. Alitoka akitabasamu. Akasema, "Hata hakuna joto." Mpaka leo sentensi hiyo hunijia nikiwa nakamua, na lazima niache kidogo.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wangu. Tulikuwa tumeanza kuvuna. Binti yetu alifika siku mbili kabla ya mazishi. Majirani walimpokea langoni kwa vilio, na katika vilio hakuna anayetafuta kibuyu. Alinisalimia kwa mkono. Sikuwa nimemwambia kwa nini mama yake hakutibiwa. Kwa simu nilikuwa nimesema tu, imeshindikana.

Siku iliyofuata mazishi nilimkuta shemeji yangu, yule dada wa mjini, akiosha masufuria ya wageni. Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kile kibuyu cha shanga, kimejaa mursik. Akasema dada yake alimwelekeza kitandani namna ya kukitayarisha, hatua kwa hatua, akamkemea alipokosea mkaa. Na aliacha maneno: "Hiki ni cha mtoto. Baba yake ndiye atampa."

Nilikichukua nikaenda kumtafuta. Alikuwa nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile yote, na vijana wa majirani walikuwa wamelundika mahindi yetu na kuyafunika turubai ili wageni wapate mahali pa kukaa, na katika msiba hakuna aliyekumbuka kuyafunua. Binti yangu alikuwa amekunja turubai upande mmoja. Mkono wake ulikuwa ndani ya lundo hadi kwenye kiwiko.

"Yameshika moto, Baba."

Nikaonja mursik kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha nikamnyoshea kibuyu kwa mikono miwili. Aliutoa mkono kwenye mahindi, akaupangusa kwenye sketi, akanywa. Weupe ulibaki juu ya mdomo wake kama alipokuwa na miaka mitano, nami nilitaka kulia kwa sauti, na nililia.

Nikamweleza yote. Unga mezani, mabawa matatu, kadi tupu, benchi. Nikamwambia, "Uliniuliza darasani ukuta wa mwalimu ni upi. Nilikuchekea. Mama yako amekufa kwa sababu ya somo langu."

 Alichota punje kiganjani, akazitazama. Zilikuwa zimeanza kubadilika rangi kwenye ncha.

"Alikuwa ananipigia kutoka kwa hiyo benchi," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nasikia wakiita majina. Namuuliza, Mama, umeingia? Ananiambia, nimetoka sasa hivi. Sauti yake ilikuwa inanipa wasiwasi. Siku moja nikaanza kumweleza ile mashine inafanya aje, ili asiogope. Akanikatiza."

"Akasemaje?"

 Nilimwona akitafuta njia ya kunizunguka, mtoto wangu ambaye hata kazi yake hakuweza kunificha.

"Akasema, baba yako hataki tuongee hayo kwa simu."

Ulimi hauna mfupa, na majuto ni mjukuu. Nimewaandikia wanafunzi methali hizo kwenye kadi za kuwatakia heri ya mtihani nikidhani ni mapambo. Nilikaa chini kwenye ukingo wa turubai. Binti yangu alichukua reki akaanza kulitandaza lundo, na baadaye nikachukua ya pili. Tulitandaza mpaka mchana. Yaliyokuwa juu na pembeni tuliyaokoa. Ya katikati tulilazimika kuyachimbia shimo, kwa sababu mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu hayafai hata kwa ng'ombe.

Alirudi ng'ambo, na bado yuko katika kazi ileile. Nimejaribu kuamua kama nimekubali, na sijakubali. Hesabu zake zinahakikisha kwamba kitu kile kinaweza kufanya tena kilichofanyika Japani, na hakuna namna ya kulisema hilo likawa jema. Yeye naye ana hoja zake, na baadhi yazo hunikosesha usingizi kwa sababu siwezi kuzijibu. Lakini zile kuta nne nimeziacha. Sina tena ukuta wa kumpeleka mtu.

Hupiga simu kila Jumapili nikitoka kanisani. Nakaa jikoni, kwenye kiti cha mama yake, vibuyu vikiwa vimening'inia ukutani. Namuuliza wiki hii umefanya nini kazini. Huanza kunieleza, polepole, yale anayoruhusiwa kuyasema. Mengine yananiumiza. Simkatizi.